Ukuta wa Nyumba ya Saba

Ufa ulianza mwezi wa Juni, mwembamba
kama unywele uliosahauliwa kwenye sabuni.
Tuliuona sote. Tukaupaka chokaa.
Kisha tukaenda kupanga foleni ya mikate
na huko ndiko tulikousema,
kwa sauti ya chini, kwa nyusi,
mpaka ufa ukawa mpana mtaani kuliko ukutani.

Huku pembezoni mwa Montevideo
tunajenga nyumba ishirini na nne kwa mikono yetu,
wauza mboga, makondakta, mshona viatu mmoja,
saa ishirini na moja kwa wiki kila kaya,
nami ndiye mshika daftari la saa.
Kura itapigwa siku ya mwisho, rangi ikishakauka:
hakuna ajuaye tofali analoliweka leo
litamkinga nani na upepo wa kusini.
Ndiyo maana hatuna ukuta wa jirani.
Kila ukuta ni wako mpaka kura iseme vingine.

Jumapili ile yalikuwa manyunyu.
Ajenda: mabati, na bei ya misumari.
Kibuyu cha mate kikazunguka
(ndivyo kiitwavyo kinywaji chetu, na jina halikukosea:
mrija mmoja, vinywa kumi na tisa),
kikafika kwa Eulalia Techera, naye hakunywa.
Alikishika tu, akapasha viganja.
"Ule ufa," akasema, "ni wangu."

"Ilikuwa zamu yangu kwenye koleo.
Mifuko miwili ya saruji niliipakia torolini usiku
nikampelekea dada yangu. Sakafu yake ilikuwa tope
na mtoto ana kifua.
Mchanga nikauongeza.
Nikajiambia, ukuta hauna mdomo."

Kimya. Mvua ikahesabu mabati.
Wilmar Olivera akasimama, akavaa kofia,
akasema hakujiunga na ushirika wa wezi,
akatoka. Mlango akauacha wazi.
Baridi ikaingia, ikakaa nasi kama mwanachama.

Zulma, ambaye hata salamu huitoa kwa mizani,
akasema akitazama viatu vyake:
"Niliuona mwanga wa tochi.
Nilinyamaza. Nilitaka niwe na kitu juu yako."
Na kijana Nahuel, sauti ikimpasuka,
akauliza iwapo daftari linaweza kurekebishwa,
maana mwezi wa Aprili
aliandikiwa saa nane alizokuwa amelala.

Wote wakanigeukia mimi.

Niseme nini? Kalamu ilikuwa yangu.
Nilijua kwamba alilala; mama yake alinipa mayai.
Nilijua mifuko haikulingana,
nikaandika: imelowa.
Neno moja tu, mwandiko mzuri.
Wanaosema kimya ni dhahabu
hawajalala chini ya dari iliyojengwa kwa kimya.

Nikasema. Si kwa ufasaha. Nilianza na mvua,
nikazunguka, Eulalia akanisukumia kile kibuyu,
nikanywa, chungu, kimeshapoa,
nikarudi mwanzo nikasema tena.

Hatukukumbatiana. Nani anadai tulikumbatiana?
Tulipigiana kelele mpaka saa nne,
mtu akagonga meza, biskuti zikaruka.
Baadaye ndipo tukahesabu: mifuko minane, Jumapili tatu,
Eulalia atalipa kwa saa,
na sakafu ya dada yake tutaimwaga sisi,
mchana kweupe, toroli likipita katikati ya barabara.

Ukuta tuliuvunja. Nyundo haikutoka jasho.
Sasa umesimama mwingine, na kila apitaye
huugonga kwa kifundo cha kidole
kama daktari kifuani, akasikiliza.

Wilmar bado hajarudi. Kiti chake hatujakitoa.
Ijumaa nilikwenda kwake na daftari,
nikalifungua mezani
penye mistari niliyoikata kwa wino mwekundu.
Alisoma muda mrefu. Hakusema neno.
Ila aliinuka, akabandika maji jikoni.